Baba, Ule Mstari Sikukusomea

Baba yangu,

Pamba imeingia ndani tena, na tunaichambua palepale uani, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule. Kigoda chako hakikaliwi na mtu. Nakuandikia kwa sababu jana nilimwambia mama, mayu wetu, jambo ambalo wewe sikukuambia, na sasa sijui nimfanyie nini.

Unakumbuka msimu ule nilipokuwa naomba chuo? Tulikuwa tunachambua hivihivi hapa Migato, ukaniambia niache pamba nikusomee mwongozo wa chuo, wote, kwa Kisukuma. Ulitaka kujua mwanao anaingia kwenye nini. Nikakueleza kwamba nitakuwa na somo kuu, hesabu, na somo dogo, jiografia. Ukacheka.

"Kwa hiyo hesabu ndiye mke mkubwa," ukasema. "Huyo ukimnyima siku zake, nyumba haikaliki."

Nikakusomea kozi za lazima na za kuchagua. Nikafika kwenye ile ya mwaka wa tatu ambayo watu huihofia, ya kuthibitisha mambo ambayo kila mtu anaona ni kweli. Ukaniuliza, "Kinachoonekana mnakithibitisha cha nini?" Nikasema vipo vinavyoonekana kweli na si kweli. Hukuridhika. Nikaendelea: mtihani wake hutolewa mara moja kwa mwaka, na asiyeufanya hamalizi hesabu kama somo kuu mpaka mwaka unaofuata.

Chini yake palikuwa na mstari mmoja: isipokuwa mwanafunzi aliyefiwa na mzazi, huyo hupangiwa siku nyingine. Niliuona, nikafunga kitabu. Mtoto gani wa Kisukuma atamtazama baba yake usoni, mzima, anatafuna karanga, amsomee habari za kufa kwake? Huo ni mkosi wa kuuita mwenyewe.

"Ndiyo mwisho?" ukauliza.

"Ndiyo mwisho, baba."

"Hawana huruma watu hao," ukasema, ukarudi kwenye pamba.

Hilo ndilo ulilokwenda nalo hospitali, Bariadi, ulipougua mwaka wangu wa tatu. Ukamwagiza mayu na baba mdogo nisiambiwe lolote mpaka niweke kalamu chini, nao wakatii, maana nani alikuwa anabishana na wewe? Walipokuwa wanakuzika, mimi nilikuwa nathibitisha. Na nilikuwa na furaha, baba, kwa kuwa maswali nilikuwa nayaweza. Furaha ile ndiyo siwezi kuisamehe.

Baba mdogo alinipokea stendi, akachukua begi langu, akaongea habari za mvua njia nzima. Nilipoingia uani nikamkuta mayu amenyolewa kichwa. Udongo wa kaburi lako ulikuwa umeshakauka.

Nilifaulu. Nafundisha hesabu Malampaka, na nikija likizo namkuta mayu akiwasimulia wageni jinsi mlivyouokoa mwaka wangu. Husimulia kwa fahari. Nami hukaa naitikia, na moyoni nina hasira na wewe, kwa kuwa uliamua peke yako juu ya mazishi ambayo yalikuwa yangu pia.

Sasa Ng'wasi, kitinda mimba wako, anaomba chuo kilekile, na yeye hesabu. Mayu kifua kinambana siku hizi, hata kutoka kisimani hupumzika njiani. Jana aliniambia niwasomee masharti yote, kama nilivyokusomea wewe. Nilipofika pale nikasikia anavyohema, nikamtazama Ng'wasi, nikausoma mstari wote.

Mikono ya mayu ikasimama juu ya pamba.

"Hicho kilikuwepo na wakati wako?"

"Kilikuwepo, mayu."

Hakuniuliza kwa nini. Amelelewa kulekule nilikolelewa mimi, alielewa. Akaanza tena kuchambua, ila akawa anatupa fifi kwenye safi, na sisi hatukumwambia. Jua lilipomfikia akainuka kwenda ndani. Mlangoni akasema, bila kugeuka, "Tungekungoja."

Tangu hapo hajasema lingine. Uji wa asubuhi ameuacha.

Lala, baba. Hasira yangu itapoa siku moja, hata kama si mwaka huu. Naye mayu akija huko, mpokee vizuri, umwambie hakukosa yeye. Ng'wasi atakuwepo kumzika.

Ni mimi, binti yako mkubwa,
Kabula