Nauli Chee ya Jumanne

Kambi ya Wafanyakazi,
Chumba namba 14.
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Leo ni miaka sita, miezi minne na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa dada yangu,

Pokea salamu za mdogo wako pamoja na heshima zote. Magoti yako yanaendeleaje? Na kifua cha shemeji, kimetulia? Mimi ni mzima, ila mgongo unaanza kulalamika asubuhi kabla hata sijavaa viatu. Zimebaki ghorofa mbili za kupiga plasta, halafu watatuhamishia jengo jingine. Ndiyo kazi ya huku, haiishi, inahama tu.

Barua yako niliipata. Pale uliposema mama sasa anauliza mara tatu kwa siku kama watoto wametoka shule, niliishika muda mrefu mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia hapana. Halafu Jumapili ukampa simu, nikasikia mwenyewe. Aliniita kaka yake. Akaniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Nikamjibu wamekunywa, ningefanyaje? Ndiyo maana leo sikupigi, nakuandikia. Hii isome peke yako.

Unakumbuka alivyokuwa akitutambua bila kugeuka? Yuko kwenye cherehani, kaupa mgongo ule mlango wetu uliovimba chini, mguu unakanyaga. Wewe ulikuwa ukiusukuma kwa viganja viwili, polepole, kama mtu anayeingia kwa mgonjwa. Baba alikuwa akiupiga teke moja dogo. Mimi nilikuwa nikiuinua kwa bega na kuuachia, puu! "Kishindo, nawa mikono!" Na cherehani haijasimama. Hakukosea hata siku moja. Jina lenyewe nimelibeba mpaka huku. Kambini wote wananiita hivyo na hawajui limetoka wapi.

Basi tangu barua yako nina hamu moja tu, nifike kabla hajanisahau kabisa.

Enzi za baba safari ilikuwa kazi ya miguu. Siku tatu kabla anakwenda stendi, anarudi na nauli imeandikwa kwenye kipande cha pakiti ya sigara, na mama anailaza suruali yake chini ya godoro ili inyooke. Yule karani wa stendi, rafiki yake, ndiye aliyemnong'oneza siku zenye nafuu. Siku hizi karani ni simu.

Fundi umeme wetu, kijana mjanja mwenye maneno mengi, ameniingiza kwenye kundi la mtandaoni liitwalo Nauli Chee. Humo watu walio mbali na kwao wanaambiana ndege gani imeshusha bei, uondoke siku gani, ushukie wapi usubiri. Akanifundisha pia kufuata kurasa za mashirika ya ndege. Nami nikabonyeza kila nilichokiona. Kumbe simu nayo inakusoma! Ndani ya siku mbili ikajaa picha za ufukwe na watu waliolala chini ya miamvuli. Jioni, tukichukua simu zetu getini, msimamizi akachungulia begani kwangu. "Bosi," akasema, "mwaka huu unapumzikia wapi?" Foleni nzima ikacheka. Wiki nzima nikawa Bosi.

Matapeli nao wamo, dada. Mmoja alitangaza tiketi ya bei ya kutupa, anataka utume pesa kwanza. Fundi umeme akaniambia nitazame ukurasa ulifunguliwa lini. Juzi tu! Na waliousifu walikuwa watu wawili wale wale, wanapokezana. Nikaachana nao.

Sasa sikia nilivyojikosesha. Kazini simu zote tunaziacha getini kwa mlinzi, kwenye sanduku la mbao. Mwezi uliopita, saa nne asubuhi, sanduku zima likaanza kulia, maana karibu wote tumo kwenye kundi lile. Mlinzi, mzee wa watu, akakimbia hadi chini ya jengo. "Nyie! Nauli zimeshuka huko!" Nikateremka ngazi na mwiko bado mkononi. Nikaweka kidole, simu ikakataa. Nikakifuta kwenye suruali, ikakataa. Nikakilamba, nikaweka cha pili, cha tatu, vyote ikavikana. Saruji imekula alama za vidole vyangu, dada. Ni laini kama kijiko. Na namba za siri za kufungulia aliziweka fundi umeme siku aliyonitengenezea simu, mimi sikuona haja ya kuziuliza. Siku hiyo yeye alikuwa anaumwa jino, hakuja. Alipopatikana jioni, ofa ilikuwa imekwisha.

Sikuumia kwa ajili ya nauli peke yake. Nilikaa pale getini natazama vidole vyangu, nikamfikiria mama.

Kesho yake nikaweka namba zangu mwenyewe, tarehe na mwezi nilioondoka nyumbani. Hizo sitazisahau. Na Ijumaa iliyopita, saa nne ile ile, sanduku likalia tena. Safari hii sikukimbia ngazi, niliteremka kama mtu mwenye akili zake. Nikaandika namba, ikafunguka. Mlinzi alinishikia mwiko nikijaza jina langu, ananihimiza, "Soma vizuri, usije ukajipeleka kwa watu!" Tiketi ninayo. Ni ya Jumanne, siku isiyo na wasafiri, na nitasubiri kwa muda wa saa kumi na moja katikati ya njia. Zile saa si kitu kwangu. Msimamizi amenipa wiki tatu.

Nisalimie shemeji, shangazi na wanao wote. Yule wako wa mwisho mwambie simjui sura, anijie mwenyewe. Mungu akupe nguvu kwa unavyomtunza mama. Mimi nilikuwa natuma pesa tu, wewe ndiye uliyekuwepo. Hilo nalijua.

Uliandika kwamba seremala anakuja kuuranda mlango. Nakuomba, mwambie asubiri. Na mama usimwambie kitu. Muweke tu kwenye cherehani yake, hata kama hashoni. Nitaondoka huku Jumanne tarehe 14 Aprili, na Jumatano tarehe 15, jioni, nitauinua ule mlango kwa bega.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kishindo