Dole la Masanja

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia ofisi, nimechemsha chai ya mafundi. Kampuni inaandika kitabu cha historia yake. Mwandishi ni binti wa Dar, Neema. Ameniuliza habari za zamani. Nimemweleza: ilianza na tanuri moja nyuma ya stesheni ya Shinyanga, ikitengeneza vyuma vya breki za mabehewa. Kisha ikakua, ikabadili jina, ikaanza kutengeneza na vitoroli vya reli za migodini. Dole lililo kwenye nembo ya kampuni ni la marehemu mume wangu, Masanja. Kila mara alilibonyeza kwenye mchanga wa kalibu kabla ya kumimina chuma, kazi yake ijulikane. Neema ameandika. Nimefurahi mno. Kulwa na Doto hawamkumbuki baba yao. Wataona jina lake.

Jumatano, 5 Machi
Usingizi haba. Nakumbuka Masanja alivyolala mkono nje ya chandarua.

Ijumaa, 7 Machi
Mkurugenzi ameniita. Anasema dole ni la baba yake, mwanzilishi. Nikasema hapana, mzee hakuwahi kushika mchanga. Hakukasirika.

"Mama Kulwa, breki iliyopasuka siku behewa lilipomponda mumeo, ilikuwa na dole la nani?"

La Masanja. Nililiona mwenyewe. Nikakusanya vikombe mezani.

"Basi. Tukiandika kwamba dole ni lake, tutaandika na kwamba breki yake ndiyo iliyomwua. Chagua."

Neema, aliyeketi pembeni na daftari lake, alitazama sakafu. Namchukia huyu mtu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimechagua. Yaandikwe yote mawili. Mkurugenzi amecheka. "Umesema mwenyewe, mama."

Jumamosi, 29 Machi
Sherehe ya kuzindua kitabu. Wateja wamefika kutoka migodi ya Bulyanhulu na Geita. Wamechinjwa ng'ombe wawili. Mkurugenzi ameinua dole lake jukwaani, akasema ni la ukoo wao. Watu wamepiga makofi. Nimepewa kitabu. Masanja yumo mara moja tu: fundi aliyeuawa na uzembe wake mwenyewe. Dole ni la mwanzilishi.

Jikoni mpishi mmoja akaniambia, "Kumbe mumeo alijichinja." Wenzake wakacheka. Nimeendelea kuosha sahani.

Jumapili, 30 Machi
Mvua asubuhi. Sikwenda kanisani. Nimechemsha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Doto amesoma ukurasa ule, akampa Kulwa. Kulwa ameuliza kama kweli baba alikuwa mzembe.

Nimemwambia alikuwa akiosha mikono mara mbili kabla ya kuwabeba mkiwa wachanga.

Akaenda kunawa mikono. Tumekula.