Wani, Imejijenga Yenyewe

Kaka Wani,

Imejijenga yenyewe. Jana mchana, jua la Lodwar likiwa limewafukuza hata mbuzi barabarani, nilikaa mbele ya kompyuta yetu nimeikunja mikono, na programu ya barua ikajijenga toka mwanzo hadi mwisho bila mimi kugusa kitufe. Si ya mashine yetu tu. Ya Kakuma, ya Lokichar, hata ya ile kuukuu ya Nariokotome uliyoiita bibi kizee. Iliposema imemaliza nilisimama nikapiga kigelegele peke yangu ofisini, mpaka fundi wa jenereta akaja mbio akidhani nimeumwa na nge.

Ningekuita redioni. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye kipaza sauti, kabla sijakumbuka. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Tangu uende sijakuandikia. Sikutaka kukuletea malalamiko huko uliko, nilingoja niwe na habari njema. Sasa ninayo, tena si moja, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali.

Unakumbuka tulivyoipata programu ile? Mgeni wa Nairobi alikuachia disketi, akasema ni ya bure, imeandikwa na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali, maandishi yake yako wazi, anayetaka asome na anayeweza arekebishe. Ulizigeuzageuza zile disketi mkononi. Ukaniambia, "Ukhti, tangu nitoke Juba, hiki ndicho kitu cha kwanza ambacho hakuna mtu ameniuliza kitambulisho ndipo nikiguse." Tukaifanya posta yetu. Barua ikawa inaandikwa Kakuma, inakuja Lodwar kwa redio, hapa tunaipanga na kuisukuma Nairobi, na majibu yanarudi njia hiyo hiyo. Zahanati ikaomba dawa bila kungoja gari. Wakimbizi wa kambi ya Kakuma wakaanza kutafuta ndugu zao waliotawanywa na vita.

Tabu ilikuwa kuijenga. Kila wenzetu wa ng'ambo waliporekebisha kitu walituletea marekebisho kwa barua, nasi tukapaswa kuyabandika kwenye maandishi, kisha kuyageuza maandishi yote kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha. Amri baada ya amri, kwa mpangilio wake, na kila mashine na mpangilio wake. Wewe uliibeba yote kichwani. Ulikuja na lori, ukajifunga kitambaa chenye maji shingoni, ukaanza kuandika amri huku unaimba nyimbo zenu za kanisa kwa Kibari. Ukikosea moja ulicheka, ukafuta yote, ukaanza upya. Mimi kule kuanza upya kulinichoma roho.

"Kaka, tuifundishe mashine ifanye yenyewe," nilikuambia.

"Ukhti, mandazi ya mashine hayana utamu."

"Utamu ni sukari, na sukari inapimika."

Ulicheka mpaka miwani ikaanguka. Hukukubali. Lakini siku ile ya mwisho, ukingoja lori la kukurudisha Kakuma, ulinigeukia bila mzaha. "Haya, jaribu. Lakini ikikosea isinyamaze. Mashine inayokosea kimyakimya ni mbaya kuliko mtu mvivu." Dereva akapiga honi, ukapanda.

Halafu zikaja mvua zile. Mto Tarach ukafurika, barabara ikakatika. Ekal, mwendeshaji wetu wa redio huko Kakuma, akaniambia una malaria. Kesho yake akasema imepanda kichwani. Asubuhi iliyofuata alibonyeza redio, nikasikia mvua ikipiga mabati, yeye hasemi kitu. Nikamwambia, "Ekal, usiseme." Hakusema.

Nilifika maji yalipopungua. Keji mkeo alinishika mkono akanipeleka walipokulaza, udongo bado mbichi. Pale sikulia. Nililia kwenye lori, njia nzima hadi nyumbani, na wale wanawake wenye magunia ya makaa wakaniachia nafasi nilie vizuri. Wani... basi. Hilo unalijua.

Baadaye kukazuka jambo ambalo lingekunyima raha. Barua ndefu zilianza kukatika. Zile ndefu hupasuliwa vipande na kubanwa ili zipite redioni, kisha huunganishwa zikifika. Programu yetu ikawa inafungua kipande cha kwanza tu. Vingine vinabaki ndani ya mashine, vimebanwa, jicho la mtu haliwezi kuvisoma.

Kakuma kuna mama mmoja wa Kidinka, Mama Nyandeng. Alipotezana na mwanawe Deng vitani, na kwa miaka mingi hakujua kama yu hai. Siku moja barua ya Deng ikafika. Ekal alimsomea, jirani akatafsiri. Kijana alisimulia njia yote aliyopita, mito, njaa, watu waliomgawia chakula. Ikaishia hivi: "Mama, mguu wangu unapona. Sasa niko". Basi. Hakuna neno lingine.

Niko wapi?

Tuliuliza Nairobi. Barua ilipitia kwao pamoja na nyingine za kutoka kila upande, na nakala hufutwa zikishapokelewa. Hawakujua ilitokea wapi. Mama Nyandeng akawa anakuja kituoni kila asubuhi, anakaa kwenye kivuli cha ukuta, anangoja.

"Lodwar, Lodwar, hapa Kakuma," Ekal aliniita. "Mama amekuja tena. Mimi nitamwambia nini? Ova."

"Mwambie maneno ya mwanawe hayajapotea. Yako ndani ya mashine. Ova."

"Hiyo nimemwambia. Anauliza, kama iko ndani, kwa nini sisi hatutoi? Ova."

Dawa ya kosa lile tulikuwa nayo, wale wa ng'ambo walishaituma. Kilichobaki ni kujenga. Nikajenga kwa mkono, kama nilivyokuona ukifanya. Ikakataa. Nikafuta, nikaanza upya, ikakataa pengine. Mara ilipokubali, tukaipeleka Kakuma kwa lori, na kule haikuwaka kabisa. Ekal ikabidi arudishe ile ya zamani. Mpangilio ulikuwa umeondoka na wewe. Siku ile nilikukasirikia, kaka, nisikufiche. Nilipiga meza nikasema kwa sauti, "Kwa nini uliimba badala ya kuandika?"

Nikanywa chai. Nikarudi nikakaa. Na hapo nikaacha kukuiga.

Nilifungua faili moja tupu nikaandika amri ya kwanza: yachukue maandishi yakiwa safi, yasiyoguswa. Nikaiendesha, ikafanya. Nikaongeza ya pili. Ilipogoma nilitafuta kwa nini, nikaiandika dawa yake mle mle kwenye faili, na kosa lile halikunirudia tena maishani. Nikaongeza ya tatu. Zilikuwepo siku nilizomaliza na mstari mmoja tu uliokubali, jenereta ikazimwa, nikaenda nyumbani nikiimba. Na neno lako nililishika. Kila hatua niliiwekea mlinzi: ikikosea, mashine inasimama papo hapo, inalia, inaandika ni wapi na ni nini. Mwisho nikaiwekea mtihani. Programu ikishajengwa, ijitumie yenyewe barua ndefu, iipasue, iiunganishe, ilinganishe na ile ya mwanzo. Ikitofautiana hata herufi, hakuna kutoka nje ya mlango.

Ilifeli mtihani huo vibaya sana mara ya kwanza. Nilifurahi kama mwendawazimu! Kwa sababu iliniambia. Ile tuliyoipeleka Kakuma bure ilikuwa na ugonjwa huo huo, nasi hatukujua: sehemu moja ilijengwa kwa ajili ya mashine ya Lodwar, nyingine kwa ya Kakuma, zikashonwa pamoja kama viatu visivyo jozi. Nilirekebisha mstari mmoja. Nikaiendesha tena. Ikapita.

Sikumpa dereva disketi. Nilizitia ndani ya kopo la maziwa ya unga vumbi lisiziingie, nikapanda lori mwenyewe.

Ekal alikuwa amefagia chumba kama mtu anayengoja askofu. Mama Nyandeng alisimama mlangoni, akakataa kiti. Nikaweka disketi ya kwanza, ya pili, nyingine. Nikaiwasha. Ikawaka, Wani. Ikavikuta vile vipande vilivyolala ndani muda wote ule, ikaanza kuviunganisha kimoja kimoja. Ikatoka barua ya mwalimu fulani. Ikatoka ya zahanati. Kisha ikatoka ya Deng, nzima.

Ekal akasoma kwa sauti. "Sasa niko Lokichoggio. Madaktari walinileta kwa ndege kunitibu mguu. Kama uko hai, mama, nitumie neno, nami nitakuja hata kwa kutambaa."

Lokichoggio! Pale juu tu. Asubuhi moja kwa gari. Mama alikuwa anamlilia mwanawe, naye yuko mji ambao magari yake humpitishia vumbi mlangoni.

Mama Nyandeng hakupiga kelele. Jirani alipomtafsiria, aliniangalia mimi. "Loki?" akauliza. "Loki hii?"

"Hii hii, mama."

Ndipo alipopiga kigelegele, na kambi yote ya upande ule ikaitikia bila kujua kwa nini. Wakaja Wasomali wa duka la jirani, wakaja Wakongo na mabakuli yao mkononi, wakaja Waturkana waliokuwa wakiuza kuni. Ekal wetu, yule anayesema mwanamume wa Kiturkana halii mbele ya wanawake, alitoka nje eti anaangalia antena. Aliiangalia muda mrefu sana.

Ruhusa ya kusafiri ilipopatikana, Deng alishushwa Kakuma na gari la madaktari, anatembelea mkongojo. Keji ndiye aliyenisimulia. Anasema Mama Nyandeng alimtangulia mwanawe njiani akicheza, kama mtu anayesindikiza bwana harusi, na kila aliyekutana naye alimwambia, "Huyu ndiye. Huyu ndiye aliyekuwa ndani ya mashine."

Faili ile haikuwa na jina. Niliporudi Lodwar nikaiita wani. Ukitaka kuijenga programu unaandika neno hilo, unabonyeza, kazi inaanza.

Sasa sikiliza. Nikaituma kwa wale wa ng'ambo. Niliogopa, kwa nini nisiseme. Mimi Akiru, binti wa mkausha samaki wa Kerio, niwaambie watu walioiandika programu yenyewe namna ya kuijenga? Yule kiongozi wao, Henrik, alijibu kwa ufupi: "Nzuri, lakini inazijua mashine zenu tu." Nikaona sawa, mlango haujafungwa. Nikamwomba anieleze mashine zao zikoje, akaeleza, nikaifundisha. Akaleta swali lingine, nikajibu. Tulibishana naye kwa barua za redio hadi tukawa marafiki, mtu ambaye sijui hata uso wake. Kumbe na wao walikuwa wanajenga kwa mkono! Kumbe kila toleo lilikuwa linamngoja mtu mmoja apate nafasi, akiugua basi dunia nzima ingoje. Nilimweleza habari zako. Kesho yake aliandika, "Hata kwetu ingetokea hivyo." Wiki hiyo hiyo wakaiingiza faili yangu kwenye programu yao.

Na jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Marekebisho yaliingia kwa barua asubuhi, kutoka kwa mama mmoja wa Peru ambaye naye ana redio zake milimani. Hakuna aliyeyagusa. Mashine iliyapokea, ikayabandika, ikajenga ya kila kituo, ikajipa mtihani, ikapita, ikawaandikia Ekal na wengine kuwa toleo jipya liko tayari. Mimi nilikuwa nimekunja mikono. Saa za alasiri ikaja barua ya Henrik kwa wote: kuanzia toleo hili, hakuna tena kujenga kwa mkono, kote duniani. Watu wa nchi ambazo wewe na mimi hatukuwahi kuziona kwenye ramani ya ukutani wanaandika jina lako kila siku, na kazi inaanza.

Leo asubuhi yule mama wa Peru ameniandikia. Anauliza wani ni kifupi cha maneno gani ya Kiingereza. Amejaribu kukisia, na makisio yake ni mazuri kweli, yangekuchekesha.

Nimemjibu hivi: "Si kifupi cha kitu. Ni jina la mtu. Kwao Wabari humpa jina hilo mtoto wa kiume wa tatu. Huyu alikuwa mkimbizi, alivaa miwani, aliimba akifanya kazi, na alitaka barua zifike."

Pumzika, kaka yangu. Keji hajambo, nitamsomea barua hii kabla sijaileta hapo ulipo. Na kila atakayeuliza, kutoka nchi yoyote, leo au nikiwa mzee, nitamjibu mwenyewe.

Dada yako,
Akiru