Magoti ya Babu kwenye Sinema

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua unaisoma hii na ile miwani iliyofungwa uzi, na Mama yuko pembeni anauliza nimesema nini, basi na yeye shikamoo yake hii hapa. Miguu yake inaendeleaje na baridi ya huko kwetu Maguu? Kahawa mmeshaanza kuchuma? Mimi huku Ujerumani ni mzima. Wazee ninaowahudumia wamenizoea, ingawa mmoja kila asubuhi ananiuliza nitarudi kwetu lini. Namjibu, nikishamaliza kukuogesha.

Baba, naandika kwa sababu kwenye simu hukamatiki. Nikitaja tu sinema, mtandao unaanza kusumbua upande wako. Kaka Winfridi ameniambia vijana wa parokia wameipata ile sinema ya wakoloni wa Kijerumani, wataionyesha ukumbini Mbinga baada ya mavuno, na wewe umesema huendi, na mtu wa nyumba yako asikanyage. Nakuelewa. Tangu nikiwa mdogo nasikia watu wakituita ukoo wa wapiga magoti, eti Babu alimpigia Mzungu magoti kwenye sinema akalipwa chumvi. Nakumbuka ulivyokuwa unaacha pombe yako nusu kilabuni unarudi nyumbani. Sitaki uzeeke na neno hilo, ndiyo maana nimekwenda kuitazama mwenyewe.

Ilionyeshwa kwenye chuo kimoja hapa mjini, na mlangoni walisimama watu wanaopinga isionyeshwe kabisa. Nisikudanganye, ni sinema mbaya. Inasifia vita walivyowapiga wazee wetu, lakini waliitengeneza miaka mingi baadaye, Babu akiwa kijana, wakawavalisha watu ngozi wajifanye ndio walioshindwa. Msimulizi anatusema kama mifugo. Nusu yake inachosha, nusu nyingine inatia hasira, mpaka nikashika mkoba niondoke.

Mara nikaona mlima wa kwetu. Wanawake wameinama na majembe, na msimulizi, kwa sauti ya kanisani, anasema wanachimba makaburi ya waasi. Makaburi! Baba, ni ngoro! Mashimo ya kulimia yamepangana mteremko mzima, mama zetu wanatupia udongo juu ya majani wapande mahindi, na yeye anatuombolezea. Nilicheka kwa sauti, watu wakageuka kunitazama. Nikarudisha mkoba chini.

Halafu anaonyeshwa ofisa wa Kizungu amesimama na fimbo yake. Picha inakatika. Anakuja Babu, amepiga magoti, kichwa chini. Hapo ndipo watu wanaposema anaomba asamehewe. Mimi niliangalia mikono. Ameshika fungu la majani yaliyofyekwa, analilaza kwenye mstari, anakatiza jingine juu yake, vyumba vyumba, kama wewe unavyolaza kabla Mama hajaingia na jembe. Ofisa hayupo kwenye picha hiyo, hata kivuli chake hakipo. Babu anamaliza, anainuka, mkono kiunoni, anatema mate pembeni, anafuata majani mengine. Anainuka kama wewe, Baba, vilevile kabisa. Hapo machozi yalinitoka. Walimkuta shambani akilima, wakachukua picha yake wakaibandika mbele ya Mzungu.

Chumvi aliipokea, hilo tusilifiche. Angefanyaje, na siku yake ya kazi walishaiharibu?

Baadaye watu walikaa kujadiliana. Mama mmoja, mtu mwema kabisa, alisema kwa uchungu kwamba sinema hii haifai kutazamwa na mtu yeyote, ifungiwe kabatini moja kwa moja. Nikasimama. Kijerumani changu ni cha kuogeshea wazee, lakini kilitosha. Nilimwambia, "Mkiifungia, babu yangu atabaki amepiga magoti humo humo kabatini." Akanishika mkono.

Kwa hiyo utakwenda. Mgongo usinitajie, Kaka Winfridi atakupeleka na pikipiki polepole. Kiongozi wa vijana nimeshampigia, amekubali kuisimamisha wakifika pale penye Babu, wairudie polepole mikono ionekane. Na wale wa kilabuni waje wote, uwaalike wewe mwenyewe. Hakuna hata mmoja wao asiyejua kulaza majani ya ngoro. Ukibaki nyumbani, watamtazama Babu bila mtu wake ukumbini, na jina litatushika mpaka kwa wajukuu. Mimi sikubali.

Msalimie sana shangazi wa Lundo, mwambie dagaa wake wa usipa walifika salama na jirani yangu wa juu amelalamikia harufu siku tatu. Msalimie mke wa Kaka Winfridi, na mama yangu wa ubatizo kule Matiri, anikumbuke kwenye rozari yake. Mama nimemtumia soksi nzito, azivae, asizitunze sandukuni kwa ajili ya Krismasi.

Vaa koti lako la Jumapili, Baba, ukae mbele. Huna haja ya kuhutubia. Ikifika pale Babu anapoinuka, inuka na wewe.

Ni mimi binti yako, mbishi kama ulivyonizaa,
Osmunda