Bango Ndani ya Sanduku la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kawasili na sanduku lake la bati. Atakaa mwezi mzima. Mungu nipe subira — na kama imeisha, nipe usingizi mzito.

Hata viatu hajavua, kaangalia mabango yangu ya sinema ukutani: haya makaratasi hayana kwao? Mume wangu akajifanya anatafuta chumvi.

Miaka kumi na miwili nakusanya. Lenzi, mkusanyaji mwenzangu — tumembandika jina la kile kioo chake cha kukuzia — ananicheka kwamba bango langu la zamani kuliko yote ni rika la mama yangu. Kweli tupu. Inaniuma.

Jumanne, 4 Machi
Jamani! Jamani!

Nilikuwa namsaidia kupanga nguo. Sanduku likabaki tupu — na pale chini, limebandikwa kwa gundi ya unga: bango! Wala si la filamu fulani. Ni la sinema yenyewe, enzi ilipokuwa bado kioja! Watu wamekaa wanatazama shuka jeupe, midomo wazi. Mbele kuna bibi mwenye kofia pana kama ungo, na bwana wa nyuma yake haoni kitu. Nimempenda yule bwana papo hapo.

Mikunjo yake yote ipo. Zamani mabango yalitumwa yamekunjwa. Mikunjo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama chawa: jina la mpiga chapa na mwaka!

Nimemuuliza kalipata wapi. Karithi sanduku kwa mama yake, likiwa nalo. Linazuia kutu, anasema.

Linazuia kutu!

Jumatano, 5 Machi
Nimeomba. Kakataa. Nguo zake azilaze juu ya bati? Nikampa shuka langu jipya atandike. Shuka kachukua. Bango limebaki kwake.

Mume wangu anasema nimwachie mama yake. Nimemwambia akalale sebuleni na chumvi yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimempigia Lenzi, nikamweleza mikunjo, jina, mwaka. Akasema: usiliguse, usilipumulie, nakuja Jumamosi. Leo hakucheka! Nikamwambia mwenye bango hataki kulitoa — na machozi yakanitoka kama mtoto.

Kugeuka, mama mkwe yuko mlangoni. Kauliza nalia nini. Nikasema mafua.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nimejifungia chooni.

Nimerudi kutoka kazini, bango liko mezani. Zawadi yangu! Kalibandua kwa kitambaa cha maji, taratibu, kutwa nzima. Kisha, kwa kuwa lilikuwa na makunyanzi kama yeye mwenyewe — kalipiga pasi. Hakuna mkunjo hata mmoja! Limenyooka kama la juzi, na Lenzi atasema ni la juzi.

Nikatafuta jina la mpiga chapa. Ukingo wa chini haupo. Eti palikuwa pachafu, kapanyoosha kwa mkasi. Kipande? Gari la taka limeshapita.

Nilitaka kupiga yowe. Lakini vidole vyake vimesinyaa kwa maji, na ananichekea, mara ya kwanza tangu niolewe. Nikasema asante. Nikakimbilia huku, nalia, nacheka, sijui kipi ni kipi.

Anagonga.

"Mwanangu!" — hajawahi kuniita hivyo — "kumbe ulilitaka kiasi hicho! Basi toka, kwenye kifuniko cha sanduku kuna jingine. Nimeshalilowesha, na pasi bado ya moto."