Baba Yako Alinisindikiza Tu

Mwanangu kitindamimba,

Sisi wazima, na paa halivuji tena. Juzi baba yako alinisindikiza zahanati nikang'olewe jino. Nesi akamgeukia: "Na wewe mzee, lete mkono nikupime presha."

"Mgonjwa ni huyu," akajibu, akicheka.

"Hata wanaocheka tunawapima."

Kicheko kikakatika. Presha iko juu, ileile iliyomwondoa babu yako ghafla. Nililia, mwanangu, kidogo tu. Sasa anameza dawa, chumvi kaipa kisogo, na kila jioni tunatembea tumeshikana mikono kama wachumba, majirani hoi kwa kicheko.

Nesi anasema ugonjwa huu hurithiwa. Usinijibu kwa salamu ndefu. Kapime kwanza, kisha uniandikie presha yako.

Mimi mama yako, ninayekungoja