Kikohozi Nyuma ya Mkeka

Jumatano, 6 Juni 1956

Vumbi la kiangazi mpaka ndani ya cherehani. Leo suruali mbili tu, na mwenye moja ni mbishi. Lakini Isidore amepita hapa barazani kwa Nasoro, mwenye duka ninaposhonea. Anaoa Jumamosi! Anataka nichekeshe watu baada ya chakula, kabla ya ngoma. Watu wa Nundu watakuja, na makarani kutoka Fizi. Watu wa Nundu hucheka kama wanang'olewa jino. Nitawang'oa.

Shida: sina kipya. Kichekesho cha mlevi na baiskeli wamekichoka. Hata mimi nimekichoka.

Jioni mke wangu Adolphine amelia. Mimba mwezi wa sita, kila kitu kinamliza. Ananikataza kutoa tena mambo ya nyumba yetu mbele ya watu. Kisa, mara ile niliigiza anavyokoroma, na sasa akienda kuteka maji ziwani wenzake wanamkoromea. Kisha akasema, kamasi zinamtoka: "Mutoto yangu banamucheka, na hajazaliwa bado!"

Tamu sana hiyo! Nikamwambia: rudia, polepole, nisikie vizuri. Hakurudia. Amenipa mgongo. Nimeahidi kwamba Jumamosi simtaji. Basi. Amelala.

Ijumaa, 8 Juni

Nimekipata! Tena bila kumgusa Adolphine.

Mama mkwe. Si wangu – wa mtu yeyote. Kwetu ni mwiko: mwanaume gani hapa amemwona mama mkwe wake usoni? Nimeoa mwaka wa tatu huu na wangu simjui. Akija kutoka Lubondja, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Tukikutana njiani, yeye anaingia porini, mimi naingia mtaroni. Namjua kwa sauti tu, upande wa pili wa ukuta. Na kwa kuwa hawezi kusema nami, anasema na ukuta! "We ukuta, uliamka? Ukuta, jua iko juu na ungali unakoroma?" Nami naitikia kupitia kwa Adolphine: mwambie ukuta umeamka.

Nitatundika mkeka kwenye kamba, nikae nyuma yake. Sauti tu. Hakuna atakayeniona! Nasoro nimemjaribishia kidogo barazani, akaangusha kikombe cha chai. Kisha akauliza kama sina woga. Woga wa nini? Sitaji jina. Jina lake hata hapa siandiki, adabu ninayo.

Jumamosi, 9 Juni

Wamelia! Wamelia kwa kucheka! Karani mmoja wa Fizi alishuka kwenye kiti akakaa chini kabisa. Watu wa Nundu walishikana mabega. Wanaume wazima wanapiga kelele: ni yeye, ni yeye, huyo ni wangu! Kila mmoja alimsikia wa kwake.

Neno moja. Nilikuwa nimepanga sauti ya bibi wa kawaida tu. Lakini nilipokaa nyuma ya mkeka watu wakanyamaza, na kile kimya kilinitisha. Mdomo ukajiendea wenyewe. Nikakohoa mara mbili, khm – khm, kikohozi kikavu, kama mtu anayegonga mlango. Ndivyo anavyokohoa yule wa Lubondja kabla ya kusema na ukuta. Hapo ndipo walipopasuka. Ningefanyaje? Nikaendelea naye mpaka mwisho.

Kwenye uzio, upande wa wanawake, nilisikia kicheko kimoja kikikatika katikati. Sikukijali. Kuimba na kucheza wameanza, mimi nimerudi mapema, koo limekauka. Adolphine hayupo nyumbani. Atakuwa bado na wenzake.

Jumapili, 10 Juni

Hakurudi.

Sufuria zimegeuzwa chini juu. Nguo zake hazipo. Nimekwenda kwa Nasoro. Mkewe, Zainabu, alikuwa jana nyuma ya uzio na wanawake. Hakutaka kuniangalia. Amesema mkwe wangu alikuwa pale! Aliteremka Ijumaa na lori la pamba, amletee binti yake unga na dawa za mimba. Akalala kwa ndugu zake. Arusini alijificha nyuma ya uzio kwa ajili yangu, kwa heshima, ili nisimwone. Sikumwona!

Zainabu anasema alikuwa anacheka na wenzake. Kisha nikakohoa. Wanawake wote wakamgeukia.

Alijifunika kitambaa usoni akaondoka, Adolphine nyuma yake.

Nimekaa siku nzima. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani. Angetuma mtu kuniambia yupo! Lakini amtume nani, na aseme nini?

Jumatatu, 11 Juni

Mji mzima wa Baraka unakohoa. Khm – khm. Wavuvi, wauza dagaa, mpaka polisi. Wanataka nirudie. Mteja mmoja alikuja kupimwa koti akakohoa mbele ya uso wangu akingoja nicheke. Nimemwambia akatafute fundi mwingine. Nasoro amenikaripia kwa kumfukuzia watu.

Nimemwomba baba mdogo Fabien aende Lubondja, maana mimi mwenyewe siwezi kufika kule bila mtu wa kunisemea. Ameondoka na mbuzi wa kuombea radhi, yule dume wangu mweusi. Mbuzi wa namna hiyo hakataliwi.

Alhamisi, 14 Juni

Fabien amerudi. Mbuzi amerudi naye.

Nilimwona mbuzi kwanza, kabla ya Fabien. Fabien anasema walimpokea vizuri, wakampa maji, wakampa chakula. Mbuzi hawakumgusa hata kamba. Mzee Raphaël, baba yake Adolphine, amesema hivi: "Mbuzi haikutukana muntu. Yule mwenye alitukana akuye yeye mwenyewe." Jumapili, baada ya misa.

Na nije na mkeka.

Nimemuuliza Fabien mkeka wa nini. Hajui. Nimemuuliza kama alimwona Adolphine. Alimwona mgongo tu, anatwanga. Mimba ile na anatwanga!

Ijumaa, 15 Juni

Sijamchekesha mtu. Nimeshona vifungo upande usio wake.

Jumamosi, 16 Juni

Fizi. Tumepanda juu ya mizigo ya lori la pamba, mimi, Fabien na mkeka. Dereva alinitambua. Njia nzima anataka nimpe kidogo tu, kidogo tu. Nilisema nina mafua. Kesho alfajiri tunaendelea kwa miguu.

Naogopa. Naandika hivyo ili nijue. Watanipiga? Ningependa wanipige. Wakinipiga nitajua la kufanya: nitaanguka vizuri, watacheka.

Jumapili, 17 Juni

Lubondja. Naandika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, daftari gotini. Nimeomba nitoke kidogo. Wamenikubalia kidogo tu.

Ilikuwa hivi. Wanaume wameketi uwanjani, mimi na Fabien mbele yao. Mama mkwe yumo ndani, upande wa pili wa ukuta wa udongo, na Adolphine. Mzee Raphaël akaniambia nitundike mkeka. Nikatundika. Akasema: "Fanya. Baraka yote balisikia. Sisi hatuyasikia bado."

Nikakaa nyuma ya mkeka. Hakuna kilichotoka. Nikisema, namtukana mara ya pili, tena nyumbani kwake. Nikinyamaza, mimi ni mtu wa kucheka nyuma ya migongo. Jasho mpaka machoni. Fabien akaanza kuniombea msamaha, mzee akamnyamazisha kwa mkono.

Ndipo kikohozi kikatoka ndani ya nyumba. Khm – khm. Chake chenyewe!

"We ukuta," akasema. "Ukuta, ulifika? Ukuta haikuchoka njiani?"

Kisha akawasemesha wanaume:

"Mi pia niko na mukwe. Uso yake sijui. Mi najua sauti tu. Musikilize."

Akaanza. "Adolphiiine! Shati! Adolphiiine, maji! Adolphiiine, we sikia hii kwanza, hehe, we sikia hii!" Sauti yangu! Ninavyovuta jina, na kile kicheko changu kidogo kinachotangulia kabla sijamaliza maneno. Sikujua kwamba nacheka hivyo. Mzee Raphaël alijifuta macho. Wanaume walipiga mapaja. Fabien, baba yangu mdogo mwenyewe, alicheka mpaka akakohoa. Nami karibu nicheke. Huyu mama anajua kazi! Hana haraka, anaacha wamalize ndipo anaendelea. Kwa miaka yote mitatu nilidhani mimi ndiye ninayemsikiliza.

Kisha akashusha sauti, bado yangu.

"Adolphine, unalia? Hapana, usinyamaze. Ile neno ulisema, rudia. Pole pole. Nisikie muzuri."

Wanaume waliendelea kucheka kidogo. Halafu wakaacha, mmoja mmoja.

Ndani hakuna aliyecheka. Kicheko cha Adolphine nakijua, kinapenya ukuta wowote. Nilikitegea sikio. Nilisikia mtu anavuta kamasi, basi.

Mzee Raphaël akasema aliyosema, bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mbuzi hawataki. Pombe hawataki. "Bibi yako iko pale nyuma ya ukuta. Ongea naye, we mwenyewe, batu wote basikie. Kama neno yako inafika kwake, atarudia nawe Baraka. Kama haifiki, atazalia hapa, na mutoto atakuwa wa hapa. We utasikia tu kama alizaliwa."

Nikaondoa mkeka. Nikausogelea ukuta. Nikafungua mdomo.

Kitu cha kwanza kilichonijia ni kichekesho. Hapo hapo, chenyewe, kuhusu mtu aliyepoteza mke kwa sababu ya mkeka. Kizuri! Kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutunga. Wangecheka wote, hata ukuta. Pengine hata yeye angecheka, na tungekwenda nyumbani.

Nikafunga mdomo. Nikaomba kutoka.

Sasa niko hapa natafuta neno lingine. Tangu nianze kuandika ukurasa huu nalitafuta. Nampenda – lakini hata hilo nikilisema kimoyomoyo nasikia kile kicheko kidogo mbele yake, hehe, kama alivyokifanya yule mama. Nimejaribu tena. Kipo.

Fabien ananiita. Anasema Adolphine amesogea karibu na ukuta, amekaa, anangoja.

Naenda. Kichekesho bado kiko mdomoni.